Manjano Yakigusa Sabuni

Mwanangu Arafa,

Assalam aleikum, ingawa tumeamkiana asubuhi, tumekula pamoja mchana, na Mungu akipenda utaingia hapa kabla ya Magharibi na nywele zako zimesukwa. Namwandikia mtu ambaye hajaondoka. Nimeona bora niandike sasa hivi, wewe uko kwa msusi, maana kesho alfajiri gari litakapofika nitakuwa nalia, na mtu anayelia hasemi la maana.

Nimekaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, daftari liko magotini. Tangu nianze nimeshainuka mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kulifungua tranka lako, nikalifunga. Mara ya pili nikalifungua tena. Mara ya tatu nilisimama tu mlangoni, nikatazama barabara kama mtu anayesubiri mgeni, kumbe nasubiri mtu wa kwenda.

Ya ndoo, shuka na mswaki sikuambii. Orodha ya shule unayo, na umeisoma kuliko mimi. Nataka kusema lile lililonikaa kooni wiki tatu hizi kama mwiba wa samaki changu: kumeza haumezeki, kutema hautemeki.

Siku ulipojua umepangiwa kidato cha tano Iringa, ulikuwa umechutama uani unasuuza chupa zako. Mimi nikapita na ufagio, nikasema, kwa wepesi tu, kama mtu anayesema habari ya mvua, "Hizo chupa ukishaondoka tutazitoa pale dirishani, chumba kipate hewa." Ukaendelea kusuuza. Kisha ukasema, bila kupandisha sauti, "Likizo nitakuwa nashukia Vigwaza kwa Shangazi. Hapa nyumba imeshapata mwenyewe."

Nami nikauliza kama pipa lina maji.

Nilisikia, Arafa. Nilisikia neno kwa neno, na tangu siku ile nalisikia nikikanda unga, nikitandika kitanda, hata nikicheka. Hasa nikicheka.

Kwa sababu nacheka sana siku hizi, na sitaki kukudanganya katika barua ambayo huenda ukaisoma mara nyingi. Mimi ni bibi harusi wa mwezi mmoja na nusu na nina furaha mpaka naona haya. Mume wangu! Neno hili nikiliandika kalamu yenyewe inatabasamu. Shomari anarudi kutoka kwenye tanuri lake la mkate kule Dunda, unga umemkaa kwenye nyusi, ananiletea mkate wa bofulo wa moto ameufunga kwenye shati lake la akiba usipoe, na mimi mwanamke wa miaka thelathini na tisa nikisikia kengele ya baiskeli yake nakimbilia kioo. Tangu baba yako, Mungu amrehemu, alipotutoka nawe uko darasa la pili, sikujua kama mlango huu wa moyo bado una bawaba. Kumbe unazo. Unafunguka, na hata haulii kutu.

Lakini furaha yangu imekupitia wewe begani kama mtu anayekimbilia gari, na sijawahi kugeuka kuangalia kama nimekuumiza. Leo nageuka.

Nianze mbali kidogo. Ulikuwa darasa la sita ulipopanga chupa kumi na mbili nyuma ya nyumba, ukutani, kwa mstari. Ndani ya moja kulikuwa na maji ya majivu, nyingine siki, nyingine maji ya ndimu, nyingine povu la sabuni. Pembeni una bakuli la maji ya maua ya choya uliyoyachemsha mwenyewe, mekundu kama juisi ya Ramadhani. Ukawa unadondosha choya tone moja moja. Kwenye ndimu yanawaka wekundu, kwenye majivu yanageuka kijani. Watoto wa mtaa wamekuzunguka wanapiga makofi.

Jirani yetu Mama Saidi akaja kwangu mbio, kanga imemshuka begani. "Mwanaidi, mtoto wako anafundishwa na nani? Maji yanabadilika rangi kwa kutazamwa! Kesho watasema nyumba yenu ina mkoba wa uganga."

Nilikuwa mjane, Arafa. Mjane mwenye mtoto wa kike huishi na sikio moja barabarani. Nilitoka nje, nikabeba chupa zote kumi na mbili, nikazitumbukiza kwenye shimo la taka. Daftari ulilokuwa unaandikia kila kilichotokea nililichana nikakolezea jiko.

Hukulia. Ulisema, "Mama, lile daftari lilikuwa na majibu."

Sasa sikia jambo ambalo sijawahi kukwambia. Mimi kemia nimesoma. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Tulikuwa wasichana wengi na ubao mmoja, maabara ilikuwa chumba chenye kufuli, na mwalimu wetu, mtu mwema maskini, alikuwa anatuchorea vyombo kwa chaki. Hata mtihani wa majaribio tuliufanya kwa kalamu: ukichanganya hiki na kile utaona nini? Nami nikaandika kwamba asidi huigeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu. Nikapewa tiki. Ile litimasi sijawahi kuiona kwa macho mpaka leo. Sijui kama ni unga, ni karatasi au ni maji. Wala sikuwahi kuuliza. Niliona ukiuliza utaonekana mjinga, na tiki nilikuwa nimeshaipata.

Basi jambo lile lile nililoliandika shuleni kwa mwandiko mzuri likaja kutokea mbele ya macho yangu, nyuma ya nyumba yangu, mikononi mwa mwanangu, na mimi nikakimbia pamoja na majirani. Nilikuwa na jibu bila kuijua rangi yenyewe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo lililozaa mengine.

Ulianza upya kidato cha pili, kimya kimya. Chupa mbili, halafu nne. Safari hii hukuniita nione. Siku moja nikakuta karatasi nyeupe juu ya kawa, nikataka kufungia vitunguu. Ukasema, "Ngoja, Mama, ipake manjano kwanza." Nikaipaka kwa kidole kilicholowa. Yakatokea maandishi mekundu, herufi kubwa zimepinda: MAMA NJAA. Nilishtuka nikaitupa chini! Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Ulikuwa umeandika kwa njiti ya kiberiti uliyoichovya kwenye maji ya magadi, yale yale ninayotia kwenye maharage, ukaacha yakauke. Siku ile nilikupikia chapati. Nikajiambia tumeshapatana, bila mimi kuomba radhi. Watu wazima tuna tabia hiyo, tunalipa kwa chapati.

Nimeinuka tena. Samaki wako wa njiani nimewakata, nimewatia chumvi, na sasa natwanga manjano mabichi ya kuwapaka. Mikono haitulii. Nikiandika nakumbuka samaki, nikishika samaki nakumbuka barua.

Ya hamira unaijua kuliko mimi, lakini niache niisimulie, kwa sababu ni hadithi ya mapenzi yangu na wewe ndiye mwandishi wake. Ulimaliza hamira ya nyumba nzima. Unaitia kwenye chupa pamoja na sukari na maji ya uvuguvugu, unavalisha puto mdomoni mwa chupa, puto linainuka lenyewe polepole kama mtu anayeamka usingizini. Nikatumwa na wewe, mama mtu mzima, kwenda kununua nyingine kwenye tanuri la Dunda.

Shomari akanitazama. "Hamira ya tatu wiki hii, bibie. Umefungua tanuri unipokonye wateja?"

"Sijafungua. Mwanangu anapulizia puto."

"Puto hupulizwa kwa mdomo."

"Lake linapulizwa na chupa."

"Hilo lazima nilione. Miaka ishirini natia hamira kwenye unga, sijaiona ikipumua."

Akaja kweli, Ijumaa, amevaa kanzu, amechuchumaa uani kwetu mbele ya chupa kama mtu aliyekuja kutazama mgonjwa. Ukamweleza, "Hamira ni kiumbe hai, Mzee. Inakula sukari, inatoa hewa."

"Hai? Basi mimi kila alfajiri nachoma viumbe vya watu! Astaghfirullah."

Ukacheka. Ulicheka naye, Arafa, usikatae. Na siku ile nyingine ulipodondoshea mkate wake ayodini ya kidonda, ukageuka mweusi kama wino wa pweza, naye akashika kichwa, "Jamani, mkate wangu umefiwa!", ulifunika mdomo kwa kanga mabega yanatikisika. Ulimwambia huo ni wanga, hata muhogo wa Kiwangwa ungefanya vile vile. Wiki iliyofuata akaleta muhogo wa Kiwangwa ili ahakikishe.

Kisha akaleta posa, na wewe ukaacha kucheka. Uliniambia, "Kumbe hamira yangu ndiyo imenikosesha mama." Nikakuona mtovu wa adabu. Sikukuona kama mtu anayeogopa.

Na ulikuwa na haki ya kuogopa. Kuna ile siku ya yai, ambayo nadhani unaikumbuka zaidi ya zote. Ulikuwa umeliloweka yai kwenye siki siku mbili, umelichunga kama mgonjwa, mpaka ganda likayeyuka lote likabaki yai laini, limevaa ngozi yake nyembamba tu, ukilielekeza kwenye jua unaona kiini kinaelea. Ukaja nalo kwenye viganja viwili, unatembea kwa vidole vya miguu. "Mama, njoo uone. Njoo ulishike." Mimi niko na simu sikioni, Shomari ananisomea beti alizotunga kazini, nimelala kwenye jamvi nazungusha ncha ya kanga kidoleni kama msichana. Nikakuinulia mkono: subiri. Ukasubiri umesimama. Nikakuinulia tena. Sijui ilikuwa muda gani. Nilipokata simu nilikuta sakafu imelowa siki na ute, na wewe unafuta. Nikasema, "Si utaloweka jingine?" Ukasema, "Ndiyo."

Hukuloweka jingine.

Naomba radhi kwa yai lile. Najua ni yai tu. Ningeweza kumwambia Shomari, "Ngoja, mwanangu ananionyesha kitu," naye angengoja, tena angetaka aelezwe. Mapenzi yake hayakunidai nikunyime wewe. Nilikunyima mimi mwenyewe, kwa ulevi wa kupendwa.

Sasa nifike kwenye shuka, maana nisipolisema hili nitakuwa nimeandika bure.

Wengine walisema mjane anayeolewa hahitaji makuu, nikah na sinia la pilau yatosha. Mimi nikataka yote! Nikataka kusingwa, kusuguliwa mwili mzima kama mwari. Somo wangu aliyenifunda, Bi Mwanahawa, akanisinga siku saba, manjano, liwa na mawaridi, mpaka nikang'aa kama embe dodo. Asubuhi ya kwanza ya fungate Shangazi yako, dada wa marehemu, ambaye alikuja toka Vigwaza kunishikia harusi kwa moyo mmoja ambao sitausahau, akachukua shuka letu jeupe lililoshika umanjano wa mwili wangu, akalitia kwenye beseni na sabuni.

Likageuka jekundu. Maji mekundu, povu jekundu, mikono ya Shangazi myekundu mpaka viwikoni.

"Jamani! Jamani njooni! Shuka la bibi harusi linatoka damu!"

Wanawake wakajaa uani. Mmoja akasema, "Damu gani, mwenzetu ana binti kamaliza kidato cha nne!" Wakacheka, kisha wakarudi nyuma, maana beseni lilizidi kuwa jekundu. Shangazi akaitoa mikono majini. "Hapa kuna mkono wa mtu. Mwiteni bwana harusi, ndoa hii isimame kwanza, isomwe dua, itazamwe."

Unajua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani, kwenye ukingo wa kitanda, nimejifunika kanga gubigubi. Na niliamini. Niliamini, mimi niliyepata tiki ya kemia! Nikasema moyoni, baba Arafa hajaridhia. Nikaanza kuvua pete.

Ulikuwa hujasema na mtu siku tatu. Nikasikia hatua zako zinatoka jikoni. Nikachungulia dirishani katikati ya chupa zako, nikakuona una nusu ya ndimu mkononi.

"Shangazi, sogea kidogo."

Ukakamua. Pale ndimu ilipodondoka, wekundu ukakimbia, likabaki duara la manjano. Ukakamua tena pembeni, duara jingine.

"Ni manjano," ukasema. "Yakigusa sabuni yanakuwa mekundu. Yakigusa ndimu yanarudi. Hakuna mkono wa mtu."

Bi Mwanahawa akapiga paja. "Loo! Miaka hamsini nasinga wanawali, na miaka hamsini nawaambia mashuka yao yasuuzwe kwa maji matupu kwanza. Bibi yangu ndivyo alivyoniambia. Sababu hakunipa, nami sikuiuliza!" Wakaangua kicheko. Shangazi akakukumbatia kwa mikono ile ile myekundu, akakuchafulia gauni. Nami nikairudisha pete kidoleni.

Arafa, ungeweza kunyamaza. Wewe uliyekuwa huitaki ndoa ile, uliyeona umeibiwa mama, ungekaa jikoni dakika kumi tu, mambo yangekwisha yenyewe, na hakuna ambaye angekulaumu. Ukatoka na nusu ya ndimu. Na mimi, nyumba nzima inakusifu, nilibaki ndani kwa aibu. Jioni nilikuona, nikakwambia tu ukale. Sijakushukuru mpaka leo. Nakushukuru sasa. Ahsante, mwanangu. Ahsante sana.

Nami sina elimu ya kukupa mbele ya hiyo. Nina hili moja tu nililolinunua ghali: kitu kikibadilika rangi mbele yako, usikimbie na usikitupe. Uliza kimeguswa na nini. Huko shuleni wakikupa tiki kwa kitu ambacho hujakiona kwa macho yako, inua mkono uombe kukiona, hata darasa zima likicheka. Mimi kicheko hicho nilikikwepa nikiwa na miaka kumi na saba, na kimenigharimu daftari lako.

Ngoja kidogo.

Karatasi za daftari zimenikwishia, nikachukua hii uliyoiacha chini ya kopo la manjano, nyeupe, safi, nikadhani umeisahau. Nimeshaandika juu yake tangu pale pa shuka. Vidole vyangu vina manjano ya samaki. Sasa hivi nimeishika ili niigeuze, na upande wa pili alama ya kidole changu ni ya manjano, isipokuwa katikati. Katikati pana mstari mwekundu.

Nimeiweka chini. Nimekwenda kugeuza samaki, nimemgeuza ambaye hajaiva. Nimerudi. Nimekwenda tena mlangoni, barabarani hakuna mtu. Najua umeniandikia kitu, na umekusudia nikipate ukiwa mbali, pengine Vigwaza, pengine Iringa, kopo likikaribia kwisha. Naogopa kuipaka. Kama imeandikwa sirudi, je? Nimeikunja, nimeikunjua. Kisha nimekumbuka ushauri niliotoka kukupa sasa hivi, mistari michache juu, wino wake haujakauka. Nikachovya vidole kwenye kinu.

Imeandikwa: MAMA CHUPA ZANGU USIZITUPE.

Basi. Hakuna zaidi, nimeipaka mpaka pembeni. Haya namalizia nyuma ya jalada la daftari.

Nimelia peke yangu, samaki mmoja ameungua, atamla Shomari na atasema ni mtamu. Kisha nimekwenda chumbani kwetu, nimezitoa chupa zako moja moja, nimezifuta vumbi, nimezirudisha dirishani pale pale, kwa mpangilio wako, ya siki mwisho kabisa. Shomari amerudi akanikuta nimesimama nazo. Nimemwonyesha karatasi. Ameisoma, amekaa kitako, akasema, "Basi dirisha hilo lisifunguliwe. Sisi tutatumia la barabarani."

Kwa hiyo sikuulizi, mwanangu, likizo utashukia Vigwaza au utafika mpaka hapa. Barua hii nitaitia chini kabisa ya tranka, karatasi yako nyekundu ikiwa juu yake, ujue kwamba nimeisoma kabla hujaondoka. Tuna joto, unalijua joto la Bagamoyo. Chumba chetu kitakosa hewa upande huo mpaka siku utakayokuja uzisogeze mwenyewe.

Nasikia sauti yako kwa Mama Saidi unamwamkia. Nafunika kalamu.

Mama yako,
Mwanaidi